Jasho la Chuma

Mwanga wa asubuhi ulikuwa umefika kila mahali katika bustani ya hospitali. Ulikuwa juu ya nyasi, juu ya bomba linalovuja, juu ya mashuka yaliyoanikwa, juu ya mabega ya watu waliokesha wakisubiri wagonjwa wao. Mahali pamoja tu ulikataliwa kuingia. Katikati ya bustani, mbele ya madirisha ya wodi ya wazazi, lilisimama furushi refu la turubai la bluu, limekazwa kamba toka shingoni hadi miguuni, kama mtu aliyekamatwa.

Mama Cheche alisimama langoni, ndoo mkononi, akalitazama. Ndani ya ndoo mlikuwa na brashi za waya, msasa, kekee ndogo ya kutobolea, kopo la rangi ya kuzuia kutu, bonge la nta na matambara safi. Kila mvua kubwa zikiisha huja hivyo, na ndoo ile ile, kuuosha mti wake wa chuma, kuukwangua, kuupaka. Leo mti hauonekani. Linaonekana furushi.

"Wameufunika lini?" alimuuliza mlinzi.

"Tangu mvua zilipoanza, mama. Walisema wanaulinda usipate kutu."

Hasira ikaanza kumwaka. Fundi wa kuchomelea vyuma anajua moto unavyoanza: kwanza kimya, halafu bluu, halafu jicho haliwezi kuutazama.

Mti ule haukuwa pambo, ingawa wapita njia waliuita pambo. Mama Cheche aliuunda baada ya kutoka katika wodi ile mikono mitupu, maziwa yakimchuruzika kifuani bila wa kuyanyonya. Alirudi karakanani kwake akakuta kitanda cha mtoto, alichokichomelea mwenyewe, kikimsubiri. Wengine hulia, wengine husali, wengine husafiri. Yeye aliwasha mashine. Shina akalitoa kwenye mabomba chakavu, matawi kwenye nondo, na jani la kwanza akalikata kwenye bamba la kichwani mwa kitanda kile.

Kisha wakaja wenzake. Hakuwaita. Msiba wa mtoto mchanga hautangazwi, lakini wenye nao hutambuana. Mmoja alileta bawaba ya mlango. Mmoja alileta jembe lililolika. Mmoja kipande cha pipa, mmoja nusu ya mkasi. "Lete chuma chochote," aliwaambia, "kila mtoto apate jani lake." Basi wale watoto ambao hawakupewa hata jina, waliozikwa haraka haraka huku mama zao wakiambiwa nyamaza, utapata mwingine, wakawa na mahali pa kupigwa na upepo kama watu.

Msimamizi wa zamani wa hospitali alikubali usimikwe bustanini. Msimamizi mpya ndiye aliyeleta turubai.

Wanaulinda. Alilitafuna neno lile akivuka nyasi, na kila alipolitafuna lilizidi kuwa chungu. Hata asubuhi hiyo nyumbani alikuwa ameshaonja uchungu wake. Mume wake, kinyozi, mtu ambaye kibandani kwake huongea kutwa nzima kuhusu mpira, bei, na ndoa za watu, alimtazama akipanga brashi zake akasema, "Mke wangu, yaliyopita si ndwele." Akamjibu, "Basi ndwele ni ipi?" Kinyozi akajifanya anatafuta viatu. Hakuwahi kufika pale mtini hata mara moja. Alikuwa na shughuli, siku zote alikuwa na shughuli, na kichwa cha kunyoa hakikosekani duniani.

Kamba ilifungwa na mtu asiyetarajia ifunguliwe. Mama Cheche akatoa kisu. Akakata ya shingoni, akakata ya kiunoni, akakata ya miguuni, na turubai likaporomoka lote kwa mshindo mzito, zito kwa maji.

Harufu ilitoka kwanza, harufu ya unyevu uliokosa mlango, ya sarafu iliyofumbatwa mno kiganjani. Halafu likatoka vumbi jekundu, likamwagika mabegani mwake, likamwingia puani. Halafu akauona mti. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Majani yaliyokuwa meusi yanayong'aa yalikuwa na magamba, yanabanduka yenyewe. Aligusa tawi la chini, na jani moja likamvunjikia mkononi kama mkate uliokauka.

Ewe kutu, sina ugomvi nawe. Kazi yako ni kula, nawe umekula. Ugomvi wangu ni na yule aliyekuandalia karamu, akafunga mlango, akawaambia watu wapite taratibu kwa sababu mti umelala.

Chuma hakifi kwa mvua. Mvua hunyesha ikaenda zake, na upepo hupita nyuma yake ukifuta. Chuma hufa kwa jasho. Kivishe nailoni, kinyime upepo, kiache kilowe kwa pumzi yake chenyewe, kitajila kimya kimya huku walio nje wakisifu unadhifu wa kifuniko. Alilijua hilo kwa mikono, na alilijua kwa mwili pia. Kwani yeye hakufunikwa? Hakuambiwa jikaze, vaa vizuri, toka nje, cheka na watu? Wote walimfunika kwa upendo. Wote walikuwa wanamlinda.

Msimamizi alikuja akitembea pole pole, shati limenyooshwa, sauti imenyooshwa.

"Habari za asubuhi, mama. Naona umefungua."

"Nimefungua."

"Ingekuwa vizuri tungeongea kwanza. Tuliufunika kwa nia njema. Tunaulinda."

"Mnaulinda na nini?"

"Mvua."

"Mvua zimekwisha. Kamba bado zilikuwepo."

Msimamizi akayatazama madirisha ya wodi, akashusha sauti. "Nikuambie ukweli, mama. Wajawazito wanauona kupitia pale. Wanauliza ni mti gani, wanaambiwa. Mtu amekuja kujifungua, kitu cha kwanza anakutana na vifo. Hofu nayo ni ugonjwa. Mimi nina wajibu kwa walio hai."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera zaidi Mama Cheche. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua.

"Kwa hiyo hamkuwa mnaulinda mti na mvua," akasema. "Mlikuwa mnawalinda watu na mti."

"Ukipenda kusema hivyo."

"Sipendi. Ndivyo ilivyo."

Ndipo mwanamke mmoja akawakaribia, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo. Alikuwa amevaa gauni la wodi, anatembea hatua tatu anasimama, kama wanavyoambiwa watembee ili uchungu uchangamke. Aliutazama mti toka juu hadi chini.

"Samahani, dada," alimwambia Mama Cheche. "Kumbe mti bado upo? Niliwauliza wauguzi nikaambiwa umeng'olewa."

Msimamizi akatazama viatu vyake.

"Haujang'olewa," Mama Cheche alisema. "Ulifungwa."

"Labda umenisahau. Mimi nilileta nusu ya mkasi. Ni fundi cherehani." Uchungu ukampita usoni, akaushinda. "Nilitaka kumuona kabla sijaingia chumba cha kujifungulia. Sitaki huyu azaliwe kana kwamba hakutanguliwa na mtu."

Mama Cheche alizunguka mti mpaka upande wa bomba, akainama, akaanza kulikwangua jani moja la tawi la chini. Brashi ya waya ililia, vumbi jekundu likaanguka nyasini, na chini ya vumbi ikatokea ncha, kisha ubapa, kisha tundu la kidole gumba. Nusu ya mkasi. Imelika ukingoni, imebakia nyembamba, lakini ni yenyewe. Fundi cherehani akapitisha kidole chake kwenye lile tundu, mahali ambapo kidole chake kilizoea kukaa, na uchungu ulipomjia tena aliegemea shina la mti, akapumua kwa nguvu, paji la uso juu ya chuma. Mti ulimbeba. Uliundwa kubeba.

Muuguzi akamwita kutoka mlangoni. Akaenda, hatua tatu, anasimama, hatua tatu, anasimama, na kiganja chake kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Turubai litakunjwa," msimamizi alisema hatimaye.

"Sitaki likunjwe. Mna watu wanalala kwenye sakafu ile barazani wakiuguza jamaa zao. Watandikieni. Hao ndio wenye haja ya kulindwa na maji."

Msimamizi akamwita mfagizi amsaidie kulikokota turubai kuelekea barazani. Radhi hakuomba. Kuna watu radhi hukwama kooni kama mwiba wa samaki, na Mama Cheche hakuwa na muda wa kumpiga mgongoni.

Akaanza kazi. Karakanani ana mashine ya kusugua ambayo ingemaliza mti ule kabla jua halijawa kali, lakini inapiga kelele, na nyuma ya madirisha yale walilala watoto waliozaliwa jana. Kwa hiyo alisugua kwa mkono. Alisugua mpaka chuma kikaonyesha uso wake mweupe, kisha msasa, kisha tambara kavu, kisha rangi, nyembamba, isiache ufa hata wa kupita wembe. Majani yaliyokuwa yamejikunja kama viganja, yakikinga maji, aliyatoboa tundu dogo kwa kekee ya mkono ili mvua ijayo ipate pa kutokea. Yaliyovunjika aliyafunga ndani ya kitambaa, akayaunge upya karakanani kwa moto. Hasira yake haikupoa, ila ilipata kazi. Ilishuka mabegani, ikapita kwenye viwiko, ikaingia kwenye brashi.

Jua lilipokuwa limeinama kidogo muuguzi akachungulia dirishani. "Yule wa mkasi bado," alisema. "Lakini anaendelea vizuri. Amesema nikuambie."

"Mwambie rangi inakauka," Mama Cheche alijibu.

Aliposhuka kwenye ndoo aliyoigeuza kigoda, alimuona mtu amesimama karibu na bomba. Alikuwa bado amevaa aproni yake ya kazi, nywele za watu zimemganda mikononi, na alishika chupa ya chai kama mtu asiyejua aiweke wapi. Kinyozi. Alionekana amesimama pale muda mrefu.

Mama Cheche alikuwa na maneno ya kumwambia, aliyaweka akiba miaka yote hii. Ulikuwa wapi? Kwa nini niliupanda peke yangu? Yaliyopita si ndwele, kwa nani? Yalijipanga mdomoni mwake kama wanajeshi.

"Wateja?" aliuliza, kwa ukali.

"Nimefunga kibanda." Akaweka chupa chini. Akautazama mti, akaanza tawi moja, akaenda jingine, macho yakitafuta na kukosa. "Letu ni lipi?"

Mama Cheche alimuonyesha kwa kidevu: kule juu kabisa, kwenye tawi linalotazama dirisha la pembeni. Yeye mwenyewe hulifikia kwa kupanda ndoo na kusimama kwa vidole. Mwaka huu alikuwa amelisugua baada tu ya lile la mkasi, akalipaka la kwanza, rangi imeshakauka, bado nta.

Kinyozi alikuwa mrefu. Alinyoosha mkono akalifikia bila ndoo. Mama Cheche akamtupia tambara lenye nta, bado ana hasira naye, hasira nyingi, ya kumtosha yeye na nusu ya mtaa.

Mume wake alilishika jani lile kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, chini, kwa wepesi, vile anavyomshika kidevu mtoto anayeletwa kunyolewa kwa mara ya kwanza, ili asiogope, ili asigeuke. Kwa mkono wa kulia akaanza kupaka. Alipaka pole pole. Mabega yalimtikisika, lakini mkono haukutikisika. Ni mkono wa kazi.

"Na nyuma yake," Mama Cheche alisema. "Maji hupenda kujificha nyuma."

Akaligeuza. Mwanga wa alasiri ukaliangukia jani upande ule, ukakaa juu yake, na kinyozi akaendelea kupaka.