Mgongo wa Winchi

Machinjioni walimwita Winchi, maana alikuwa akibeba nusu nzima ya ng'ombe begani na kuipakia kwenye lori huku akipiga mluzi. Mwili wake ulikuwa chuma, lakini hasira zake zilikuwa za karibu, za kuwashwa na njiti moja. Mkewe, fundi cherehani, alizijua nguvu na hasira zote mbili, kwani ndizo alizolala nazo kitanda kimoja.

Asubuhi moja paja la fahali lilimteleza begani. Winchi akajipinda kulidaka, na kitu kikamkata kiunoni kama kisu. Alianguka juu ya nyama. Wenzake walimrudisha nyumbani juu ya ubao, akitukana njia nzima, na mkewe akawapokea na pini zake zikiwa bado mdomoni.

Tangu hapo nyumba haikukalika. Winchi alilala kitandani kama gogo, na kila akijigeuza alinguruma. Uji ukichelewa, tusi. Uji ukiwa wa moto, tusi. Jumanne mkewe aliinama kumsogezea mto, kiwiko kikamgusa palepale panapouma, na ngumi ikamtoka Winchi kabla ya neno. Ilimpata fundi chini ya jicho. Akainuka kutoka sakafuni, akaenda kumalizia sare za shule alizowaahidi watu. Winchi hakusema pole. Alisema ni maumivu.

Kesho yake fundi akaenda zahanati kumwona mtaalamu wa viungo, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Mama huyo alilitazama kwanza jicho lililovimba, ndipo akaeleza habari za mgongo. Alisema misuli ya kiuno ikishtuka hujikaza, na kushinda kitandani huizidishia ukaidi. Mgonjwa alale chali juu ya mkeka, miguu juu ya kiti. Awekewe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Atembee kidogo kidogo, hata kama ni mpaka mlangoni tu, na akitaka kuinuka ageukie ubavu kwanza, ajisukume kwa mikono. Lakini akifa ganzi katikati ya mapaja, mkojo ukigoma au mguu ukilegea, apelekwe hospitali mbio.

"Na asikanyagwe mgongo na mtu," akamalizia. "Na wewe pia usikanyagwe."

Winchi alikubali kwa shingo upande. Ila alipolazwa mkekani, miguu kitini, maumivu yalimlegea kwa mara ya kwanza, akasinzia.

Ndivyo alivyokuwa pale kaka yake mkubwa alipoingia bila hodi. Alikuja na jitu moja linyanyualo vyuma, maarufu mtaani kwa kukanyaga watu migongo mpaka ilie. Kaka alisema wanaume wa ukoo wao hawatibiwi kwa maji ya moto kama vichanga. Jitu likaanza kuvua viatu.

Fundi akasimama katikati yao na mgonjwa. "Shemeji, akimkanyaga atamlemaza."

Kaka akamuuliza udaktari kausomea wapi, akamsukuma. Fundi akarudi palepale. Safari hii kaka alimzaba kwa nyuma ya kiganja, kwenye jicho lile lile, fundi akaenda kujigonga kwenye kona ya meza ya cherehani. Nyusi ikapasuka. Damu ikamwagikia sare nyeupe zilizokunjwa. Jitu, likiona mjadala umeisha, likamgeuza Winchi kifudifudi na kumpanda kiunoni.

Majirani walisema baadaye kwamba walidhani mle ndani kunachinjwa ng'ombe. Fundi alinyakua mkasi wake wa kukatia vitambaa akauzamisha kwenye shavu la mguu wa jitu lile. Likaporomoka, likatoka kwa magoti na viatu likaviacha. Kaka akamkaba fundi shingo, akambana ukutani mpaka macho yakamtoka. Winchi, hawezi kusimama, akajiburura kwa viwiko, akamshika kaka yake kifundo cha mguu na kumvuta kwa mikono iliyozoea mizoga. Kaka alianguka kichogo kikalia. Winchi akampanda kifuani akampiga mdomoni, akampiga tena, meno yakaruka, naye akaendelea kupiga pasipo na meno.

"Mwache," fundi alisema kwa sauti iliyokauka. "Utamuua."

Kaka aliondoka akitema damu, akiapa kwamba wao si wa tumbo moja tena.

Winchi alibaki sakafuni akihema. "Hakuna wa kukupiga wewe mimi nikiwa hai," alisema.

Fundi alikuwa amejikandamiza nyusi kwa kipande cha kitambaa. "Yupo. Alinipiga Jumanne. Kaka yako kapiga palepale ulipopiga wewe."

"Yalikuwa maumivu."

"Na mimi sasa hivi naumwa. Mbona sijakupiga?"

Fundi akamchezesha vidole vya miguu, akamuuliza kama ana ganzi, akamrudishia miguu kitini na kumwekea maji ya moto. Kisha akamwita dada yake, mwoka mikate, wakaipakia cherehani kwenye mkokoteni wakaenda nayo kwa dada.

Toka siku hiyo fundi alikuja na dada yake kila asubuhi. Dada alikaa mlangoni, mchi mapajani, akimjulia hali shemeji yake kwa adabu zote. Fundi alimfundisha mgonjwa kuvuta goti kifuani, kuinua nyonga, kutembea. Habari nyingine hakuzigusa. Mwanzoni Winchi alitukana kuta. Baadaye akajifunza kuinuka mwenyewe na kuchemsha maji yake. Siku moja maumivu yalimrukia Winchi, mkewe akiwa kamshika goti, na ngumi ikajikunja. Dada akasimama na mchi wake. Winchi akauingiza mkono ule chini ya matako yake, akaulalia, akavuta pumzi mpaka yakapita.

Machinjioni walimpa kazi ya kukata nyama mezani. Alipopata nguvu alikwenda kwa miguu hadi kwa dada, akamwomba mkewe arudi. Fundi akamwambia bado. Akauliza mpaka lini, akajibiwa kwamba hilo atalijua mwenye jicho. Akaaga, akageuka polepole kwa mwili mzima, akaenda zake.

Kesho yake akaja tena.