Mazishi ya Vitabu Visivyoazimwa

Mafunzo ya teknolojia kwa wakutubi wapya yalifunguliwa kwa heshima zote: meza ilitandikwa kitambaa, kompyuta mbili zikawaka, ya tatu ikagoma. Mgeni kuliko wote kazini, ambaye wenzake walishambandika jina la Maswali, aliketi akitokwa jasho. Muda wake wa majaribio ulikuwa unakwisha. Mkufunzi akimfelisha, basi ni kurudi kulala sebuleni kwa dada yake na kusikiliza masimango ya shemeji.

"Kitabu kisichoazimwa miaka mitano ni maiti," mkufunzi alitangaza kwa sauti ya msibani. "Kompyuta itawaonyesha maiti wote. Kazi yenu ni kubonyeza 'ondoa'. Rafu zipumue!"

Zamu ya Maswali ilipofika, skrini ilijaa kamusi, ramani na vitabu vya sheria. Hivyo ndivyo vilivyochakaa kuliko vyote, kurasa zimelegea kwa kufunuliwa. Ila haviruhusiwi kutoka nje; watu huvisomea pale pale mezani.

"Samahani, mwalimu. Hivi haviazimwi kwa sababu sisi wenyewe tumekataza."

"Haya, kaanza!" jirani yake aliguna, na chumba kizima kikacheka.

Mkufunzi alimtazama kama mgonjwa asiye na matumaini. "Mwanangu, umekuja kujifunza au kuifundisha mashine? Nikuandike umefeli?"

Mkuu wa maktaba, aliyeketi kando ya mkufunzi na aliyeujua ukweli huo kabla Maswali hajazaliwa, alikuwa akikagua kwa makini ukucha wa kidole gumba chake.

Maswali akabonyeza. Akabonyeza tena. Akawa mwepesi kuliko wote, hadi akapigiwa makofi na kutajwa kuwa mfano wa kuigwa. Jioni lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni, marehemu wakapakiwa kwenda kusagwa.

Jumatatu alikalia kiti chake, sasa mwajiriwa wa kudumu. Fundi cherehani mmoja, mwenye kesi ya kiwanja, aliingia kama kawaida yake ya kila mchana, akaenda kwenye rafu ya sheria na kupapasa mbao tupu.

"Binti, kitabu changu cha sheria za ardhi kiko wapi? Kesho nasimama mahakamani."

"Hakipo kwenye mfumo, baba."

"Sikuuliza mfumo. Nakuuliza wewe."

Maswali akamgeuzia skrini, asome mwenyewe maandishi safi kabisa: kimeondolewa, hakina msomaji.