Mwizi wa Maji Mwenye Adabu

Mvua za kiangazi cha Australia zililijaza tangi lililo nyuma ya ukumbi wa shule. Ijumaa Mwalimu Nkatha aliligonga ubavuni akasikia limeshiba, na Jumatatu akaligonga tena likalia debe tupu. Mara ya kwanza alidhani kuna mtoto aliyesahau kufunga koki. Hali hiyo ilipojirudia wiki iliyofuata, na ile iliyofuata, alianza kukosa usingizi.

Nkatha alikuwa mwanamke wa Meru mwenye udadisi wa kuudhi, na alifundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi huko Lidcombe, kitongoji cha Sydney. Mkuu wa shule, Bi. Fraser, alikuwa amemtwika mradi wa kuifanya shule iache kupoteza vitu ovyo. Mabaki ya chakula yakawa mbolea, karatasi zikaandikwa pande zote mbili, na watoto wakapanda spinachi na stroberi zilizotakiwa kuishi kwa maji ya mvua tu. Sasa stroberi zilikuwa zimejikunja kwa kiu, na darasa zima lilimtazama mwalimu wao kana kwamba yeye ndiye aliyeyanywa maji.

Bi. Fraser aliwashuku vijana wa mtaani. Akasema tangi likikutwa tupu tena, atafunga geti wikendi zote, asiingie mtu yeyote. Nkatha aliposikia hivyo akawafikiria waumini wenzake. Jumapili ukumbi ule ulikuwa kanisa lao: Wakenya waliotoka zamu za usiku hospitalini Westmead, Wakongo wa Bukavu na Uvira, watoto, ngoma, masufuria ya wali. Walikwisha kuzunguka nusu ya Sydney wakitafuta mahali, na kila walipopata walifukuzwa kwa sababu ya kelele. Geti likifungwa, hawakuwa na pa kwenda.

Basi akaanza upelelezi wake. Alipiga magoti akapapasa udongo chini ya tangi, akaukuta mkavu, kwa hiyo tangi halivuji. Ijumaa akafunga uzi mwekundu kwenye koki, fundo la harakaharaka tu, ili ajue kama kuna mkono uliogusa. Jumatatu uzi ulikuwepo, lakini ulikuwa umefungwa upya kwa fundo zuri kama la utepe wa nywele za msichana, na pale chini pamefagiwa.

Nkatha alibaki ameshika kiuno. Mwizi gani huyu anayefagia? Vijana wa mtaani aliwajua. Hakuna hata mmoja wao anayefagia chumba chake mwenyewe. Hapo wazo likamjia, na hakulipenda hata kidogo.

Jumapili iliyofuata, mapambio yalipoanza, akatoka nje akijifanya amepigiwa simu, akajibanza kwenye kona ya ukuta. Hakungoja sana. Alitokea Chibalonza, ambaye kila mtu alimwita Mama Gloire kwa jina la binti yake, na Gloire mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Nkatha. Mama huyo ndiye aliyeongoza akina mama wa usafi kanisani. Alishika ndoo mbili. Akafungua uzi taratibu, akazijaza, akazibeba kuingia vyooni, akarudi kuteka tena. Nkatha alishindwa kujizuia, akamfuata. Alimkuta akimimina maji chooni, wakati kitufe cha kuvutia maji kiko pale pale ukutani, kizima kabisa.

"Mama Gloire, si ubonyeze tu hiyo button?"

Chibalonza alimtazama kwa mshangao wa kweli, akamjibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambako shule huitwa masomo na bomba huitwa robine.

"Madamu, mayi ya robine iko na meter, ni ya masomo. Ya mvula ni ya Mungu. Watu wote hawa wanaingia choo siku muzima. Tukibonyezabonyeza, wenye masomo watasema nini? Sisi ni wageni."

Nkatha akamweleza tangi lile ni la nini. Chibalonza aligeuza ndoo moja akaikalia. Nyumbani Gloire alikuwa amelia kwa ajili ya stroberi zake, na yeye mama mtu alikuwa amepiga magoti na binti yake wakaomba mwizi akamatwe, bila kujua kwamba maji ya stroberi ni yale yale ya ndoo zake. Nkatha, aliyeona kanisa zima likitupwa barabarani, akamnong'oneza kwamba hakuna haja ya kusema. Waache kuteka tu, mambo yataisha yenyewe. Chibalonza akakataa katakata.

Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu yake ya ghalani, alisimama ofisini mwa Bi. Fraser na kizibao chake cha manjano, akasema yote. Nkatha alitafsiri. Bi. Fraser alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini hawakutumia maji ya bomba, ambayo yapo siku zote.

"Si yetu," Chibalonza akajibu. "Tunaazima tu."

Bi. Fraser akauliza Gloire anasoma shule gani, ingawa alijua. Basi, akasema, mzazi wa hapa hawezi kuwa mgeni wa hapa. Geti halitafungwa, vyoo vivutwe kama vyoo, na tangi liachiwe bustani. Nkatha alitafsiri kwa furaha, akingoja Chibalonza ashukuru ili waondoke upesi kabla bahati haijageuka.

Chibalonza hakushukuru. Alimtazama Bi. Fraser, akamtazama Nkatha, akauliza kama amesikia vizuri kwamba masomo hii ni yao pia. Nkatha akamhakikishia kwamba ndivyo alivyosema.

"Basi umuulize. Mataa ya choo na ile mashini ya baridi ya madarasa, juu ya nini inawaka tangu Ijumaa mpaka leo, na ndani hakuna mutu? Kila Jumapili naona, roho inaniuma. Nilinyamaza juu ya ugeni."

Nkatha alifikiria kulainisha maneno, kisha akayatafsiri yote kama yalivyo. Bi. Fraser akawa mwekundu hadi masikioni. Akachukua funguo mezani, akamwomba Chibalonza amwonyeshe ni madarasa gani, na Chibalonza akatangulia mbele.