Mkono wa Hamissi na Kadi ya Picha

Hamissi, fundi magari wa mtaa wa Jabe, alikuwa na mkono, na sifa za mkono huo zilifika hadi Ruziba. Ukimpelekea beringi aliiweka kwenye kiganja cha kulia, akafumba macho, akaipandisha na kuishusha mara mbili, kisha akatoa hukumu: hii orijino, au hii takataka. Kipuri cha kweli ni kizito, alisema, cha uongo ni chepesi, kwa sababu mwenye kughushi siku zote anaiba chuma. Kwa miaka thelathini chini ya magari alikuwa amekosea mara mbili tu, na hizo mbili hakuzikubali.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi, asiposana, huvukuta. Binti yake Assia hakusana wala hakuvukuta. Alimaliza shule ya ufundi upande wa elektroniki, akarudi nyumbani na bisibisi nyembamba kama vijiti vya meno, akaanza kufufua kompyuta za majirani juu ya meza ya kulia chakula. Mama yake alichoka kuhamisha sahani. Ndipo Assia akaomba chumba cha mbele cha gereji, kile kinachotazama barabara, afungue kazi yake. Tatizo ni kwamba Ilias, muuza matairi, naye alikuwa amekiomba, na aliahidiwa jibu Ijumaa baada ya swala.

Hamissi alimpenda binti yake kuliko alivyojua kusema, na kwa kuwa hakujua kusema, alimwekea mtihani.

"Tengeneza ordinateur moja mbele ya macho yangu," alimwambia, yaani kompyuta. "Ikiwaka, na mwenye nayo akifurahi, chumba ni ya kwako. Ikikataa, nitapatia Ilias. Neno yangu ni hiyo."

Mteja alipatikana bila shida. Alikuwa Prodige, kijana kutoka Uvira anayeishi Kinama, mchomeleaji wa milango ya chuma, ambaye hakutaka makubwa duniani ila kucheza mbio za magari kwenye kompyuta isiyokwamakwama. Alikuwa tayari na kasha, na memory, na prosesa aliyoletewa na kaka yake kutoka Kampala, na alimentation, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine. Vilibaki vitu viwili: carte mère, ile bodi mama inayobeba vyote, na carte graphique, kadi inayochora picha.

Ijumaa asubuhi watatu hao walikwenda kwa miguu hadi dukani kwa Libère, muuza vipuri vya kompyuta, katikati ya mji. Gari la Hamissi lilikuwa kwenye foleni ya essence, petroli, tangu Jumatano.

Libère aliweka bodi mbili juu ya kaunta. Moja ilimetameta taa za rangi kama harusi. Nyingine ilikuwa nyeusi, haina maneno mengi. Prodige alikwisha kuipenda ile ya taa. Assia hakuzitazama taa hata kidogo. Aligeuza bodi zote mbili, akasoma maandishi madogo, akainama kuchungulia mahali pa kukalia prosesa, kisha akapitisha kidole kwenye vipande vya chuma vya kupozea joto.

"Hii ya mataa si ya kwako," alimwambia Prodige. "Processeur yako haikai mu kiti yake. Hii nyeusi inaipokea. Na angalia, iko na nafasi ine za memory. Leo unaweka mbili, siku ukipata zingine unaongeza, hautupi kitu."

"Kumbe!" Prodige akasema. "Mi ningebeba mataa tu."

Hamissi akazipima bodi kiganjani, moja moja, macho yamefumbwa. Nyeusi ilikuwa nzito zaidi. "Eh! Mutoto anajua," akasema, na moyoni akajisikia raha mara mbili, moja kwa ajili ya binti yake, moja kwa ajili ya mkono wake. Raha hiyo ya pili ndiyo iliyomponza.

Zikaja kadi za picha, mbili, bei moja. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ina feni tatu, imeshatumika huko ilikotoka. Ya pili ilikuwa mpya na fupi, ina feni mbili. Assia akaigusa ile fupi. Lakini Hamissi alikuwa amekwisha kunyoosha kiganja, na ile ndefu ilipotua juu yake, uso wake uling'aa.

"Hii fupi ni kikopo," akatangaza. "Prodige, beba hii nzito. Mukono yangu haijadanganya mutu."

"Baba," Assia akasema polepole, "alimentation ya Prodige itaiweza?"

"Injini ya kweli haikosi kuwaka."

Mtoto aliyelelewa Jabe hambishii baba yake mbele ya muuza duka na mbele ya mteja. Hayo husubiri nyumbani, mlango ukiwa umefungwa. Hata hivyo Assia alimgeukia Libère na kumwomba aandike kwenye risiti kwamba kadi inaweza kubadilishwa siku ileile kabla ya duka kufungwa. Libère akaandika. Hamissi hakuona, kwa sababu alikuwa anaipima kadi yake mara ya tatu, kwa utamu tu.

Baada ya swala Assia alitandika kitambaa safi mezani katika chumba cha mbele na kuanza kazi. Prodige alisimama upande mmoja, Hamissi, bado na kanzu yake, upande wa pili. Ilias naye alifika kwa wakati wake, ameshika mita ya kupimia ukuta wa kupangia matairi.

Hamissi hakuwahi kumwona binti yake akifanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho. Alizoea kumwona ameinama tu. Sasa aliona kwamba kabla ya kushika kipande chochote, Assia aligusa kwanza chuma cha kasha.

"Ya nini hiyo?" akauliza.

"Mwili inabeba courant, umeme kidogo, Baba. Ikiruka inaua bodi, na mutu haoni kitu."

Aliiweka prosesa kwenye kiti chake bila kuisukuma, ikaanguka yenyewe mahali pake. Skrubu alizikaza kwa zamu, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, kama Hamissi alivyokaza maisha yake yote kichwa cha injini, na hakuna aliyemfundisha mtoto huyo, aliona tu. Nyaya alizipitisha nyuma, hata kasha lilibaki safi kama chumba cha wageni. Usione vyaelea, vimeundwa. Hamissi akajifanya anakohoa.

Kompyuta ikawaka. Prodige akashika vibonyezo vya mchezo, gari jekundu likaondoka kwenye skrini, barabara ikafunguka, milima ikaja na vivuli vyake. Kwenye kona ya pili kila kitu kikazimika. Zii.

Assia akawasha tena. Ikafika kona ya kwanza, ikazimika. Mara ya tatu gari halikuondoka kabisa. Ilias akaanza kuuvuta utepe wa mita yake, taratibu, kwa heshima zote.

"Dada Assia, sasa ni nini?" Prodige akauliza, sauti yake imepungua.

Assia aliitazama ile kadi ndefu. Hakumtazama baba yake. Maneno manne tu, Baba ndiye aliyeichagua hii, yangemwokolea chumba, na yangekuwa kweli tupu.

"Ni kosa yangu," akasema. "Kadi inavuta courant kupita nguvu ya alimentation yako. Ilinipasa nikuambie."

"Basi Mzee Hamissi," Ilias akasema, "umesikia mwenyewe. Na neno ni neno."

Hamissi aliona haya, haya ya moto inayopanda kutoka shingoni. Binti yake alikuwa anatoa chumba, kazi na jina lake, ili mkono wa mzee mmoja ubaki na sifa. Ukubwa ni jaa, mtu mzima hutupiwa kila takataka. Lakini hii ilikuwa yake mwenyewe, na mtoto ndiye aliyeibeba.

"Ilias, acha kupima," akasema. "Mtihani ilikuwa ya Assia, lakini jibu niliandika mimi. Yeye aliniuliza mu duka, mi nikamufunga kinywa. Wallahi nimekosea."

Katika miaka thelathini lilikuwa kosa la tatu, na la kwanza kukubaliwa. Hamissi aliomba kadi itolewe, akairudisha kwenye boksi lake, akachukua risiti, akaona sasa yale aliyoandika Libère kuhusu kubadilisha, akatoka na kanzu yake kwenye jua kali. Prodige alitaka kumfuata, akakatazwa kwa kidole.

Alirudi akitiririka jasho, na kadi fupi mkononi. Assia aliifunga kwa dakika chache. Gari jekundu likapita kona ya pili, ya tatu, likapita daraja, likazunguka mzunguko mzima na kuanza mwingine, feni zikinong'ona tu. Prodige alipiga kelele za Kilingala ambazo hakuna aliyeyajua maneno yake lakini kila mtu alizielewa. Alicheza hadi adhana ya alasiri, na Ilias, aliyesahau kuondoka, alikuwa anamwelekeza apunguze mwendo kwenye kona. Mwishowe Ilias alijisachi, akapata mita yake, akasema atatafuta ukuta mwingine, akaaga.

Prodige alipoondoka, kasha begani, Assia alibaki akikunja kitambaa chake.

"Baba, Libère alikubali bila maneno? Ulimuambia nini?"

Hamissi alikuwa anafuta jasho. Alijibu bila kugeuka.

"Nilimuambia nimetumwa na patron yangu, bosi ya hii chumba."

Assia alitaka kucheka, ikawa kilio.