Ikizima Tena, Irudishe

Laptopu ya Mwalimu ilizima asubuhi hiyo kabla vibanda vya jirani havijamaliza kufunguliwa, na Seremala, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja, akajisikia raha moyoni. Raha yenyewe haikudumu. Mashine ikizima, Mwalimu haondoki, na Mwalimu asipoondoka, mkewe Seremala huinama mezani, bega kwa bega na yule bwana, wakaikodolea macho skrini nyeusi kama wazazi waliokesha na mtoto mgonjwa.

"Umeona, fundi?" Mwalimu alisema. "Najaza fomu, najaza, nikikaribia mwisho inazima. Nikirudi mtandaoni, kila kitu kimefutika, naanza upya."

"Betri ulitoa kama nilivyokuelekeza?"

"Nikatoa. Nikabonyeza kitufe nikahesabu taratibu, nikarudisha. Taa inawaka, feni inanguruma kidogo, halafu kimya."

Mke wa Seremala akaigeuza mashine, akaweka kiganja kwenye tumbo lake, akasikiliza. Seremala alikitazama kile kiganja. Siku alipougua homa mwaka jana, alikumbuka, alipewa vidonge viwili na glasi ya maji.

"Inachemka," mkewe alisema. "Iache hapa. Niisafishe feni, niipake krimu mpya ya kuipoza. Wewe nenda kafundishe, ukitoka uje umalizie hapa hapa, mimi nikiwa kando yake."

"Leo ndiyo mwisho. Jioni wanafunga uhakiki wa watumishi, na asiyehakikiwa jina linatolewa kwenye orodha ya mishahara. Na ule mtandao hautaki mashine nyingine, umeikariri hii niliyojisajilia. Nilijaribu ile ya shule, ukanifungia nje siku nzima."

"Tutamaliza, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

"Mungu akuzidishie, fundi." Mwalimu akafuta miwani kwa ncha ya shati, akaligeukia benchi. "Shemeji, mchana mwema."

Shemeji! Seremala aliitikia kwa kidevu. Shemeji kwa lipi? Dada gani aliyemwozesha? Huyu bwana alianza kuja tangu mvua zilipokatika. Mara chaja, mara feni, mara haiwaki kabisa. Na kila alipokuwa akikabidhiwa mashine yake, mke wa Seremala alimwambia maneno yale yale, kwa sauti laini kuliko ya nyumbani: ikizima tena, irudishe. Fundi gani wa kweli anayemwambia mteja arudi? Seremala alipokuwa karakana, kiti kikitoka mkononi mwake hakirudi. Mteja alikuja kushukuru tu, tena siku ya harusi.

Lakini karakana haikuwepo tena. Zabuni ya madawati ya shule alipewa mtu aliyeleta viti vya plastiki kwenye makontena, na tajiri wa karakana akafunga milango akawagawia mafundi wake vifaa badala ya mshahara. Seremala alipata randa ya umeme. Ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwenye shuka kuukuu, na kila Jumapili aliitoa akaipangusa vumbi, akaichomeka, akaisikiliza ikilia, akairudisha. Siku nyingine zote alikaa kwenye benchi la mkewe. Aliwaambia watu kwamba mama watoto anajishughulisha tu pale kibandani, mpaka mambo yatakapokaa sawa.

Afisa wa soko alifika jua likianza kuchoma. Alikuwa na koti la mvua mkononi ingawa mvua haikuwepo, na kijana wa kumbebea stakabadhi. Alimpita mama watoto aliyekuwa na bisibisi mkononi na skrubu mdomoni, akasimama mbele ya benchi.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, mkubwa," Seremala alijibu.

Mkewe alizitema skrubu kwenye kifuniko cha chupa.

"Kibali kimebadilika rangi," afisa alisema. "Hiki cha kijani hakitumiki tena, kuanzia leo ni cha bluu. Mwenye kibanda afike ofisini mwenyewe, sasa hivi. Asiyefika, jioni tunapiga kufuli."

"Tofauti yake nini na hiki?" mama aliuliza.

"Rangi," afisa alisema, akaenda kibanda cha pili.

Jina lililokuwa kwenye kibali lilikuwa la mama, kwa hiyo ilibidi aende mama. Alifunga kitambaa kichwani huku akinung'unika. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Baba watoto, ile mashine ya Mwalimu usiiguse. Nimekusihi. Iache ilivyo mpaka nirudi."

Nimekusihi! Kwa mashine! Seremala alibaki peke yake na lile dude jeusi mezani, na wivu ukampanda. Aliutambua kuwa ni wivu, hakujidanganya. Alimwonea wivu Mwalimu kwa miwani yake, kwa kuwa na mahali pa kwenda asubuhi, kwa lile neno fundi analolitamka kwa adabu. Aliionea wivu hata mashine yenyewe, inayoharibika kila wiki na kila wiki ikapokelewa kwa mikono miwili. Yeye alikuwa ameharibikiwa mara moja tu, na tangu hapo hakuna aliyemfungua kuangalia kuna nini.

Wazo lilimjia ghafla, akashangaa kwa nini hakuliwaza mapema. Mwalimu anakuja kwa sababu mashine inazima. Isipozima, atakuja kufanya nini?

Usiku mmoja alikuwa amemwuliza mkewe, kama mtu anayepiga soga tu, dawa hasa ya ile mashine ni nini. Bodi, mkewe alimwambia, lile bamba la ndani linaloshika vipande vyote. Bodi yake imechoka, hayo mengine ni kubembeleza tu. Basi. Seremala alifunga kibanda, akapita nyumbani, akainama chini ya kitanda. Alitokea uani laptopu ikiwa kwapani na randa begani, akaelekea kwa Mzee Nati.

Mzee Nati alikuwa muuza vipuri. Kazi yake ilikuwa kununua mashine zilizokufa na kuzichinja, na duka lake lilijaa maiti mpaka darini. Aliitazama laptopu, akaitazama randa, akamtazama Seremala.

"Bodi ya hii ninayo, nzima kabisa. Ilitoka kwenye mashine iliyovunjika kioo. Ila ni ghali, bwana. Randa na hii bodi yako mbovu, nikupe hiyo na nikufungie mwenyewe."

"Nifungie."

"Huyu mwenye mashine ni ndugu yako?"

"Si ndugu."

"Basi ni mkubwa fulani."

"Ni mtu ninayetaka asirudi kibandani kwangu."

Mzee Nati alicheka mpaka akashika meza. "Wenzako watu wa namna hiyo huwapiga ngumi. Wewe unamtengenezea!"

Seremala hakucheka. Alipoona randa inapandishwa juu ya rafu, katikati ya redio na pasi za watu, alitaka kuidai tena. Akajipa moyo. Heri akose randa kuliko akose mke. Bodi ilipofungwa, mashine iliwaka kwa kubonyezwa mara moja. Waliiacha ikiwaka wakati Mzee Nati akila chakula chake cha mchana chote, kwa nafasi, na kuchokoa meno. Haikuzima. Haikupata hata joto.

Mkewe alirudi kutoka ofisini miguu imejaa vumbi, na kibali cha bluu mkononi. Alikuwa amesimamishwa foleni, akapelekwa dirisha jingine, akaambiwa mwenye muhuri amekwenda kula. Aliiona mashine mezani inawaka, akasimama.

"Nilisema usiiguse."

"Imepona," Seremala alisema. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. "Haizimi tena. Hana haja ya kuirudisha, leo, kesho wala keshokutwa."

"Imeponaje?"

"Nimetoa randa kwa Mzee Nati."

Mama aliketi kwenye benchi, yeye asiyeketi huko kamwe. "Randa yako? Umetoa randa kwa ajili ya Mwalimu?"

"Kwa ajili yako wewe! Unadhani sioni? Kila akija, meno nje. Ikizima tena, irudishe. Ikizima tena, irudishe. Mimi ni mtoto?"

"Namwambia airudishe kwa sababu hajaona mshahara tangu wameanza huo uhakiki wao. Bodi angeinunua na nini? Nilikuwa namsukuma tu, siku hadi siku, mpaka amalize zile kurasa."

"Na kucheka je? Nako ni kumsukuma?"

Mkewe alipojibu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Seremala zaidi.

"Nafurahi akija, ndiyo. Sikufichi. Nafurahi kwa sababu ananiita fundi. Wewe uliwahi? Mtu akiniulizia, unasema najishughulisha. Asubuhi yule afisa amekuita wewe fundi, mimi nimeshika bisibisi, nawe ukaitika."

Seremala alitaka kusema kwamba aliitika kwa sababu ni muda mrefu hajaitwa fundi na mtu yeyote. Kabla hajaanza, mkewe alikuwa ameshasimama.

"Umesema Mzee Nati alibadilisha nini?"

"Bodi."

"Bodi nzima?"

"Si ndiyo dawa yake? Wewe mwenyewe ulisema."

"Iko wapi ile ya zamani? Baba watoto, iko wapi?" Alikuwa amemshika mkono wa shati. "Ule mtandao umeikariri bodi! Ukibadilisha bodi, kwao hii ni mashine nyingine!"

Seremala hakuelewa, kwa kuwa katika kazi aliyoijua yeye, meza ikibadilishwa mguu inabaki meza ile ile. Lakini uso wa mkewe aliuelewa. Alitoka mbio. Aliwapita wachuuzi, akapiga kikumbo toroli la maji, akatukanwa, hakugeuka. Alipofika dukani, Mzee Nati alikuwa ameinama na bloa yake, anapuliza hewa ya moto. Ile bodi ilikuwa mbele yake, imenyonyolewa. Vile vipande vyake vyeusi vilikuwa vimepangwa kwenye kibati, tayari kwa kuuzwa kimoja kimoja.

"Virudishe!" Seremala alisema akihema. "Virudishe vilivyokuwa!"

"Kuku ameshachinjwa, bwana," Mzee Nati alisema. "Nimrudishie manyoya?"

Alirudi polepole. Jua lilikuwa limeshateremka nyuma ya mapaa ya mabati, na kibandani Mwalimu alikuwa amefika, ameketi mbele ya mashine yake, miwani puani. Skrini iling'aa vizuri, safi, bila hata kupepesa. Mama alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Alimtazama mumewe, akaona mikono mitupu, akatazama chini.

Mwalimu alikuwa akisoma kwa sauti, kama anavyowasomea wanafunzi. "Kifaa hiki hakitambuliki. Fika makao makuu ukiwa na barua ya mwajiri. Ombi lako litashughulikiwa baada ya zoezi kufungwa." Aliirudia ile sentensi ya mwisho. "Baada ya zoezi kufungwa. Yaani wanifute kwanza, halafu ndiyo niende kuuliza kwa nini nimefutwa."

Alipiga namba iliyoandikwa chini ya ukurasa. Simu iliita, ikapiga muziki, sauti ya kike ikamshukuru kwa uvumilivu wake, kisha ikakatika. Alipiga tena. Safari hii muziki haukufika mwisho.

"Mwalimu," Seremala alisema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini, shemeji?"

"Niliyeibadilisha bodi. Nilitoa randa yangu, nikaipeleka kwa Mzee Nati. Ndiyo maana hawaitambui." Akavuta pumzi. Alitaka kuisema yote, aitoe, aitupe pale chini ilale. "Nilitaka usirudi tena hapa."

Mwalimu akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Seremala akaona nyuma ya ile miwani machozi yanamlengalenga.

"Randa yako ya kazi? Ili mimi nisihangaike kurudi?"

"Sikusema hivyo, Mwalimu."

"Usijidharau, shemeji. Nimefundisha ujana wangu wote. Wenye magari yao, wenye viyoyozi vyao, hakuna aliyenitolea hata kipande cha chaki. Wewe, mtu uliyepoteza kazi, umenitolea randa." Sauti ilimkatika. "Hukujua. Ungejuaje? Hata mimi sikujua kwamba mtu anaweza kufutwa kwa sababu mashine yake imepona."

Seremala alimtazama mkewe, akimwomba kwa macho amwokoe. Mkewe alikuwa ameinama anaokota skrubu sakafuni, moja moja, na hakuwa na haraka ya kuinuka.

Nje, kijana wa afisa alikuwa akipita na kufuli mkononi, akichungulia vibali. Alikiona cha bluu, akaendelea. Milango ya mabati ilianza kushushwa huku na huku. Mwalimu hakufunga mashine. Aliitazama inavyowaka, akaigusa pembeni kujua kama ina joto, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Kesho nitakuja mapema," alisema. "Shuleni hawatanipa kipindi, jina likishatoka limetoka. Nitakaa nanyi hapa niandike barua. Kwanza kwa makao makuu, halafu kwa yeyote atakayesoma. Umeme mnao, na haizimi tena. Mtaniruhusu, fundi?"

"Karibu, Mwalimu," mama alisema.

Seremala alikuwa ameketi katikati ya benchi, pale pake pa siku zote, karibu na meza. Wivu ulikuwa bado unamwaka, tena umeongezeka, na hakuwa na pa kuupeleka.

"Sogea kidogo, baba watoto," mkewe alisema, "Mwalimu apate pa kukaa."

Akasogea.