Santuri Iliyobanduliwa Jina

Ngumi ya kwanza ilimpata Ozell mdomoni, akajua leo hakuna mzaha. Alikuwa ameinama akiunganisha nyaya za spika katika ukumbi wa chini ya kanisa, Mtaa wa 71, saa saba mchana, dansi ianze saa kumi. Renard, DJ mwenzake, hakupiga hodi. Aliingia na binamu yake Clyde, jitu la kubeba mapande ya nyama machinjioni, wakafunga mlango kwa ndani.

"Jina," Renard alisema.

"Jina gani?"

"Oya, usinichezee akili. Ule wimbo wa dada anayelia. Jumamosi iliyopita uliupiga, ukumbi wangu mzima ukahamia kwako. Nani kaimba?"

"Sijui."

Clyde akamkaba shati, akambamiza ukutani, kisogo kikalia.

Nisiwafiche, kosa lilikuwa lao wote. Ma-DJ wa Kusini mwa Chicago walikuwa wachoyo kupindukia. Mtu akipata santuri nzuri aliiloweka katika maji ya moto akabandua lebo, mpinzani asije akachungulia jina akakimbilia dukani. Renard mwenyewe alikuwa na makasha mawili ya santuri zilizonyolewa hivyo, na majina yote alikuwa nayo kichwani. Ndiyo maana hakuamini.

Lakini hii aliyeibandua ni Lucious. Lucious alikuwa mpenzi wa Ozell kwa miaka mitatu, akafa Februari kwa ugonjwa ule ambao manesi waliogopa hata kumshikia kikombe. Mama yake alichoma nguo zake zote uani. Ozell akabaki na santuri yake moja tu yenye madoa ya gundi katikati, na alama ya chaki nyeupe ambayo Lucious aliichora kwa mkono wake kuonyesha pa kushushia sindano. Hiyo hakuwa tayari kumwachia mtu, kufa kupona.

"Lucious ndiye aliyelijua," Ozell alisema huku akitema damu. "Hakuniambia. Naapa kwa kaburi lake."

"Lucious, Lucious! Maiti haibishi, ndiyo maana unamsingizia. Clyde, mkumbushe."

Clyde akamkumbusha kwa buti, mbavuni, mara tatu. Ozell akajikunja sakafuni akitafuta pumzi.

Kinachonichoma ni kwamba hawa walikuwa kama ndugu. Miaka minne nyuma, wazungu walioichukia disko walipolipua santuri zake uwanjani huku maelfu wakishangilia, Ozell na Renard walikimbizwa wote wawili na walevi wenye mawe, wakalala kifudifudi chini ya lori moja wameshikana mikono. Redio zikaacha kupiga muziki wao. Wao na wenzao wakauokota, wakaupeleka kwenye maghala, wakazirefusha ngoma zake mpaka ukawa kitu kipya, vijana wakauita house. Sasa wanataka kuuana kwa ajili yake. Upuuzi mtupu.

Renard alipekua kasha la Ozell mpaka akaiona ile yenye chaki.

"Hii hapa. Mara ya mwisho, bwana. Jina."

"Renard, nakuomba. Chukua kasha zima. Chukua na spika. Hiyo niachie."

"Umeona, Clyde? Anajua, ana kiburi tu. Basi tukose wote."

Akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuikunja. Clyde akacheka, akalegeza mguu aliokuwa amemkanyagia Ozell. Ozell hakufikiri. Mkono wake ulikuta chuma cha kusimamishia maikrofoni, kizito chini, akanyanyuka nacho na kukizungusha kwa nguvu zake zote. Kilimpata Renard sikioni. Mlio wake ulikuwa mbaya, wa mfupa. Renard akaanguka kama gunia, na santuri ikamponyoka ikatua juu ya koti lake, nzima.

Clyde alipoona damu, ujitu wote ulimwisha. "Shangazi ataniua!" alipiga kelele, akakimbilia juu kutafuta simu.

Ozell alipiga magoti, akavua shati, akalikandamiza kwenye sikio. Damu ilipita katikati ya vidole vyake, nyeusi na nzito. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Renard! Unanisikia?"

Renard akageuza shavu taratibu, akamletea sikio la pili. "Semea huku. Kule kimya kabisa."

"Gari la wagonjwa linakuja. Tulia, ndugu yangu."

"Nani kaimba?"

Ozell akalia. Angeweza kubuni jina lolote, lakini tangu mwanzo halikumjia hata moja.

"Sijui. Ningekuwa najua ningekupa sasa hivi. Sijui, Renard."

Renard akamtazama usoni, machozini.

"Mungu wangu," akasema. "Kumbe kweli hujui."