Benchi la Chini ya Dirisha

Kila asubuhi, kabla hata hajavua sweta, Nabwile alikuwa na kazi moja: kulisukuma benchi la wakulima kutoka chini ya dirisha kubwa hadi ukuta wa pili. Kufikia saa nne Makokha, meneja wa tawi, angekuwa amelirudisha. Kesho yake Nabwile angelisukuma tena. Wiki sita walikuwa wamecheza mchezo huo, na hakuna aliyeutaja.

Jumatatu hiyo alikuwa ameinama, ameshika mguu wa benchi, aliposikia mlio mdogo juu ya kichwa chake: tik. Akainua macho. Ule ufa wa dirisha uliokuwa ukiishia nyuma ya kalenda ya mwaka jana iliyobandikwa hapo sasa ulikuwa umetokeza upande wa pili, na kipande cha kioo kipana kama sinia kilikuwa kimeshikwa na selotepu tu.

Akarudi nyuma polepole, kama mtu aliyekutana na nyoka njiani.

Dirisha lilipasuka siku lori la mbolea liliporudi nyuma bila dereva kuangalia, likagonga ukuta. Nabwile alisomea kazi za ofisi chuoni, kisha makao makuu ya ushirika, kule Kitale, yakampa mafunzo ya siku mbili na kumfanya mwangalizi wa usalama wa tawi la Bungoma. Alifundishwa kwamba kioo kilicho karibu na watu wanapokaa na kupita lazima kiwe kile kigumu, ambacho kikivunjika hutawanyika punje punje kama mahindi. Hiki cha kawaida huvunjika vipande vikali kama mapanga. Na kioo chenye ufa hakisubiri. Watu huondolewa, nacho hutolewa. Kuelewa hakukuwa kugumu. Kazi ilikuwa kumwambia mtu.

Alikuwa amemwandikia Makokha barua tatu. Ya kwanza ilianza, "Kwa heshima kubwa, na bila nia ya kusumbua..." Dirisha lenyewe lilitajwa katika aya ya nne.

Jerop, msimamizi wa ukarabati kule Kitale, alikuwa hodari wa kujibu simu. "Tuma picha." Akatuma. "Tuma vipimo." Akatuma. Zikaja stika ishirini zilizoandikwa TAHADHARI: KIOO, na Makokha akazibandika zote kwenye kabati la vikombe. Mwishowe Jerop akasema, "Dada, kimebaki kitu kimoja. Meneja asaini fomu ya hatari. Bila hiyo fundi hatoki huku."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Ukutani palikuwa na ubao: SIKU 611 BILA AJALI WALA HATARI. Makokha mwenyewe ndiye aliyebadilisha namba kila asubuhi, kwa chaki, huku akipiga mluzi. Kusaini ilikuwa kurudi sifuri.

"Lakini ile fomu ya ukaguzi uliijaza," Nabwile alikuwa amemwambia wiki iliyopita, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Iliuliza kama vioo vyote vimekaguliwa, ukaandika ndiyo."

"Si ulivikagua?"

"Nilivikagua, nikapata kimoja kimepasuka."

"Basi, mayi, uongo uko wapi hapo? Vimekaguliwa. Hawakuuliza vilipatikana vikiwa namna gani."

Mayi, yaani mama. Marehemu mama yake Makokha aliitwa Nabwile, kwa hivyo tangu siku ya kwanza mzee huyo alimwita msichana wa miaka ishirini na minne mama yake, kama ilivyo desturi ya kwao. Akitoka soko la Chwele alimletea ndizi, mama asilale njaa. Na kila Nabwile alipojaribu kulalamika, Makokha alipaza sauti, "Leo mama amenikasirikia!" Wakulima wakacheka, Nabwile naye akacheka nao, masikio yakimwaka moto kwa aibu.

Leo, baada ya ule mlio, alilivuta benchi hadi katikati ya chumba, akazungusha kamba ya magunia kutoka hapo hadi dirishani. Makokha akaingia, akaitazama.

"Ati kamba? Hapa tunafunga hema la matanga?"

"Ufa umeongezeka, meneja. Nilikuwa nafikiria, labda, kama haitakuwa shida..."

"Leo ni siku ya kugawa mbegu, mayi. Watu watakaa kwa kichwa yako?" Akaifungua kamba, akalivuta benchi hadi mahali pake, kisha akaenda ubaoni, akaandika 612.

Wa kwanza kufika alikuwa Bilha, mzee wa Sirisia mwenye magoti mabaya, ambaye wote walimwita kukhu, yaani nyanya. Alikaa kama kawaida yake, akaegemeza kisogo kwenye fremu ya dirisha, akafumba macho.

"Kukhu, kaa huku," Nabwile alinong'ona.

"Wacha kukhu apumzike, bana." Makokha akajitupa kando ya Bilha. "Ona, hata mimi nimekaa. Nimekufa?" Akaipiga fremu kofi.

Tik.

Selotepu ilijikunja kutoka pembeni, taratibu. Nabwile aliiona. Mdomoni mwake yalikuwa yamejipanga maneno yale yale: kwa heshima kubwa, na bila nia ya kusumbua.

"Makokha," akasema.

Bilha akafumbua macho. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwita hivyo, jina tupu. Meneja akajaribu kucheka. "Ala! Leo mama amekasirika."

"Ndiyo. Nimekasirika. Wewe ndiye umenifanya mama yako, sasa sikiza kama mtoto. Inuka. Mshike kukhu mkono, mpeleke ukuta ule. Usiguse dirisha."

Makokha akainuka. Pengine hakujua kwa nini. Miguu ilitii kabla yake. Alimshika Bilha kwapani, wakavuka chumba hatua kwa hatua, na Nabwile hakuvuta pumzi mpaka walipofika.

Kisha akachukua fomu ya hatari mezani. Akamnyooshea Makokha.

"Katika barua zote tatu nilitaka kusema hivi tu: kile kioo kitamkata mtu shingo. Unajua, na unaogopa chaki. Futa hiyo namba, uje usaini. Mimi nimechoka kusukuma benchi."